Sam Cooke

Samuel Cook (anajulikana zaidi kwa jina lake la kisanii Sam Cooke, 22 Januari 1931 – 11 Desemba 1964) alikuwa mwimbaji, mtunzi wa nyimbo na mfanyabiashara wa muziki kutoka nchini Marekani. Alianza kama mwimbaji wa nyimbo za Injili, na mwaka 1957 akahamia nyimbo za kidunia. Pamoja na Ray Charles na wengine wachache, anahesabiwa miongoni mwa waasisi wa muziki wa soul, yaani muziki uliochukua namna ya kuimba ya makanisa ya Wamarekani Weusi na kuitumia katika nyimbo za mapenzi na za maisha ya kila siku.

Cooke anakumbukwa kwanza kwa sauti yake laini. Hata hivyo, nafasi yake katika historia haitokani na sauti peke yake. Katika kipindi ambacho wanamuziki wengi Weusi waliimba na faida ikaenda kwa wengine, yeye alitaka kumiliki nyimbo alizotunga, akawa na kampuni ya kuchapisha muziki na pia kampuni ya kurekodi wasanii wengine. Wimbo wake A Change Is Gonna Come, unaohusu matumaini ya mabadiliko, ulikuja kuwa mmoja wa nyimbo zinazohusishwa zaidi na harakati za haki za kiraia nchini Marekani. Aliuawa kwa kupigwa risasi mjini Los Angeles akiwa na umri wa miaka 33, siku chache kabla ya wimbo huo kutolewa kama singo.

Maisha ya awali

Cooke alizaliwa katika mji wa Clarksdale, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Alikuwa mtoto wa 5 kati ya watoto 8 wa mchungaji Charles Cook na mkewe Annie Mae. Jina la ukoo lilikuwa Cook. Herufi "e" ya mwisho aliiongeza mwenyewe baadaye, alipoanza kuimba nyimbo za kidunia.

Mwaka 1933 familia ilihamia Chicago. Wakati huo maelfu ya Wamarekani Weusi walikuwa wakiondoka majimbo ya kusini, wakikimbia umaskini, kilimo cha kugawana mavuno na sheria za ubaguzi wa rangi, ili kutafuta kazi katika miji ya viwanda ya kaskazini. Huko Chicago baba yake aliendelea kuhubiri huku akifanya kazi kiwandani.

Nyumba ya mchungaji ilikuwa nyumba ya nyimbo. Akiwa bado mdogo, Sam aliimba na ndugu zake katika kikundi cha familia kilichoitwa Singing Children, wakitumbuiza kanisani kwa baba yao na katika makanisa mengine. Alisoma katika shule ya sekondari ya Wendell Phillips, ambayo Nat King Cole pia aliwahi kusoma. Alipokuwa kijana alijiunga na Highway QC's, kikundi cha vijana walioimba Injili kwa sauti nne. Kikundi hicho kilifundishwa na mmoja wa waimbaji wa Soul Stirrers, kikundi kilichokuwa mashuhuri kuliko vyote katika fani hiyo.

Soul Stirrers

Soul Stirrers walianzia Texas katika miaka ya 1920, kisha wakahamia Chicago. Mwimbaji wao kiongozi, R. H. Harris, alikuwa akiheshimiwa sana, na vikundi vingi viliiga namna yake ya kuimba. Harris alipojiuzulu mwaka 1950, nafasi yake alipewa Cooke, kijana wa miaka 19.

Mwezi Machi 1951 kikundi kilikwenda Los Angeles kurekodi katika kampuni ya Specialty Records. Mwenye kampuni, Art Rupe, aliingiwa na wasiwasi alipoona kwamba Harris hayupo na mahali pake yuko kijana asiyejulikana. Wasiwasi huo uliondoka baada ya wimbo Jesus Gave Me Water kununuliwa kwa wingi.

Mwanzoni Cooke alijaribu kumwiga Harris, lakini sauti yake haikufaa kupaza na kukwaruza kama waimbaji wengi wa Injili wa wakati ule. Badala yake alibuni njia yake: alichukua silabi moja na kuizungusha polepole juu na chini kabla ya kuiachia. Mtindo huo ukawa alama yake hadi mwisho. Aidha alianza kutunga. Wimbo wake Touch the Hem of His Garment wa mwaka 1956 unasimulia habari ya mwanamke aliyegusa vazi la Yesu akapona, na unaonyesha jinsi alivyokuwa na uwezo wa kusimulia kisa kizima kwa maneno machache.

Kwa miaka 6 Cooke alisafiri na Soul Stirrers kutoka kanisa hadi kanisa. Aliwavutia vijana, hasa wasichana, waliojazana viti vya mbele. Jambo hilo halikuwa la kawaida katika muziki wa Injili.

Kuhamia nyimbo za kidunia

Katika makanisa mengi ya wakati ule, mwimbaji wa Injili aliyeimba nyimbo za kidunia alionekana kuwa amemwacha Mungu. Kwa mwimbaji wa kikundi kikubwa kama Soul Stirrers, hatua hiyo ilimaanisha kupoteza wasikilizaji wake wote, bila hakika ya kupata wengine. Kwa sababu hiyo Cooke alijaribu kwanza kwa siri. Mwishoni mwa mwaka 1956 alirekodi huko New Orleans wimbo Lovable, ambao ulikuwa wimbo wa Injili uliobadilishwa maneno ukawa wa mapenzi. Santuri ilitolewa kwa jina la Dale Cook. Siri haikudumu, kwa kuwa mtu yeyote aliyewahi kuisikia sauti yake aliitambua mara moja.

Mwezi Juni 1957 Cooke alirekodi wimbo wake mwenyewe, You Send Me, chini ya usimamizi wa mtayarishaji Bumps Blackwell. Rupe hakupendezwa na waimbaji wa kuitikia wenye mtindo wa kizungu waliotumiwa katika rekodi hiyo. Mabishano yakazuka, na mwisho wake Blackwell na Cooke waliondoka Specialty, Blackwell akiwa amechukua rekodi hizo badala ya mrabaha aliokuwa akidai. Wimbo ukatolewa na kampuni mpya ya Keen Records.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. You Send Me ulifika namba 1 katika chati za R&B na pia katika chati za pop za Marekani, ukauza zaidi ya nakala milioni moja. Kampuni iliyoukataa wimbo ilibaki ikitazama. Tarehe 3 Novemba 1957 Cooke alialikwa katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, lakini muda wa kipindi ulikwisha akiwa ndiyo kwanza ameanza kuimba, matangazo yakakatwa. Watazamaji walilalamika, naye akaitwa tena mwezi Desemba.

Mafanikio hayo hayakufungua milango yote. Mwezi Machi 1958 Cooke aliimba katika ukumbi wa Copacabana mjini New York, uliokuwa na wateja matajiri wa Kizungu, na hakupokewa vizuri. Mwezi Novemba mwaka huohuo alipata ajali ya gari huko Arkansas akiwa safarini. Dereva wake alifariki, na mwimbaji Lou Rawls, rafiki yake wa tangu Chicago, alijeruhiwa vibaya.

Miaka ya RCA Victor

Mwaka 1960 Cooke alihamia RCA Victor, mojawapo ya kampuni kubwa kuliko zote za santuri nchini Marekani. Mwaka huohuo wimbo Chain Gang ulifika namba 2. Unahusu wafungwa wanaofanya kazi barabarani wakiwa wamefungwa minyororo, mambo aliyoyaona katika safari zake za kusini. Ni wimbo wa kuchezeka, lakini sauti za waitikiaji zinaiga pumzi za watu wanaopiga nyundo.

Nyimbo nyingine zilizopata umaarufu katika miaka hiyo ni pamoja na Wonderful World (1960), iliyorekodiwa alipokuwa bado Keen; Cupid (1961); Twistin' the Night Away (1962); Bring It On Home to Me (1962), ambamo Lou Rawls anamwitikia kama muumini anavyomwitikia mhubiri; na Another Saturday Night (1963).

Katika rekodi zake za RCA kuna nyuso mbili. Kwa upande mmoja ni nyimbo nyororo zilizopangwa ili ziwafae wasikilizaji wa rangi zote. Kwa upande mwingine ni mwimbaji wa kanisani anayepandisha hisia za watu hatua kwa hatua. Uso huo wa pili unasikika katika onyesho lililorekodiwa mwezi Januari 1963 katika ukumbi wa Harlem Square Club mjini Miami, mbele ya wasikilizaji Weusi. Humo sauti yake ina ukali na mkwaruzo usiopatikana katika singo zake. RCA iliona kwamba rekodi hiyo ingeharibu sura ya msanii wao, ikaifungia kabatini. Ilitolewa mwaka 1985, miaka 20 baada ya kifo chake, na leo inahesabiwa kuwa mojawapo ya albamu bora za maonyesho ya muziki wa soul.

Mwaka 1964 Cooke alirudi Copacabana. Safari hii alifaulu, na onyesho hilo likatolewa kama albamu Sam Cooke at the Copa.

Biashara ya muziki

Mshirika mkuu wa Cooke katika biashara alikuwa J. W. Alexander, mwimbaji wa zamani wa kikundi cha Injili cha Pilgrim Travelers. Alexander alimweleza jambo ambalo wasanii wengi wa wakati ule hawakulijua: fedha za kudumu haziko katika kuuza santuri bali katika haki za utunzi. Kila wimbo unapopigwa redioni, au unaporekodiwa na msanii mwingine, mwenye haki hulipwa. Msanii anayeuza haki hizo kwa malipo ya mara moja hapati kitu tena, hata wimbo ukidumu miaka mingi.

Wakati huo ilikuwa kawaida kwa makampuni kujichukulia haki hizo. Cooke na Alexander walimiliki kampuni ya kuchapisha muziki iliyoitwa KAGS Music, na mwishoni mwa miaka ya 1950 walianzisha SAR Records pamoja na S. Roy Crain, mwanzilishi wa Soul Stirrers. SAR ilirekodi Soul Stirrers wenyewe, Johnnie Taylor, Simms Twins, na ndugu wa familia ya Womack walioitwa Valentinos, miongoni mwao Bobby Womack. Cooke aliwatungia nyimbo, akawasimamia studioni, na kuwasaidia waimbaji wa Injili kuvuka kama alivyovuka yeye. Wimbo wa Valentinos, It's All Over Now, ulirekodiwa upya na Rolling Stones mwaka 1964 na ukawa wimbo wao wa kwanza kufika namba 1 nchini Uingereza.

Mwaka 1963 Cooke alimpa Allen Klein, mhasibu wa New York, kazi ya kukagua hesabu zake na RCA. Klein aligundua fedha ambazo msanii hakulipwa, akamjadilia mkataba mpya na kuwa meneja wake. Hata hivyo, baada ya kifo cha Cooke, SAR ilifungwa na haki za sehemu kubwa ya kazi zake ziliishia katika kampuni ya Klein, ABKCO. Hivyo mtu aliyejitahidi kuliko wengi wa wakati wake kumiliki kazi yake hakuweza kuhakikisha kwamba inabaki mikononi mwa familia yake.

Msimamo dhidi ya ubaguzi wa rangi

Katika majimbo ya kusini, wasikilizaji Weusi na Weupe walitenganishwa ukumbini kwa sheria au kwa desturi. Mwaka 1961 Cooke alikataa kuimba mjini Memphis alipoambiwa kwamba watazamaji watakaa kwa kutengwa. Clyde McPhatter pia alikataa. Kukataa namna hiyo kulimaanisha kupoteza malipo na kuhatarisha maonyesho mengine ya kusini.

Tarehe 8 Oktoba 1963 Cooke, mkewe na watu wa kundi lake walifika katika hoteli moja mjini Shreveport, Louisiana, ambako walikuwa wameagiza vyumba kwa simu. Mpokea wageni alipowaona alisema hakuna nafasi. Cooke alibishana na kukataa kuondoka mpaka mkewe na wenzake walipomsihi. Baadaye alikamatwa na polisi kwa kosa la kuvuruga amani. Sheria ya Haki za Kiraia, iliyopiga marufuku ubaguzi katika hoteli na sehemu nyingine za umma, ilitiwa saini tarehe 2 Julai 1964, chini ya miezi 9 baadaye. Mwaka 2019 meya wa Shreveport aliiomba radhi familia yake.

Cooke alikuwa rafiki wa Malcolm X na wa bondia Cassius Clay, aliyejulikana baadaye kama Muhammad Ali. Alikuwepo Miami tarehe 25 Februari 1964 Clay alipomshinda Sonny Liston na kutwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Usiku huo ndio msingi wa mchezo wa kuigiza, na baadaye filamu ya mwaka 2020, One Night in Miami, ingawa mazungumzo yaliyomo ni ya kubuni.

A Change Is Gonna Come

Mwaka 1963 Cooke aliusikia wimbo wa Bob Dylan, Blowin' in the Wind. Aliupenda, na pia uliona aibu kwamba wimbo wenye maswali hayo kuhusu haki umetungwa na kijana Mzungu, ilhali yeye aliyeishi chini ya ubaguzi hajatunga wa namna hiyo. Tukio la Shreveport lilitokea katika miezi hiyohiyo.

Wimbo alioutunga ulirekodiwa mwezi Januari 1964, kwa mpangilio wa ala ulioandaliwa na René Hall, wenye vinanda vya nyuzi, tarumbeta za kifaransa na ngoma kubwa za okestra. Hauna mwendo wa kucheza kama nyimbo zake nyingine. Msimulizi wake ni mtu aliyechoka, anayefukuzwa kila anakokwenda, na anayeogopa kufa, lakini hajaacha kuamini kwamba mambo yatabadilika. Ndani yake namna ya kuimba ya Soul Stirrers inarudi waziwazi, safari hii kwa jambo la kidunia. Njia mbili ambazo kanisa lilisema haziwezi kukutana zilikutana hapo.

Tarehe 7 Februari 1964 Cooke aliuimba katika kipindi cha televisheni cha The Tonight Show. Siku 2 baadaye Beatles walionekana kwa mara ya kwanza katika kipindi cha Ed Sullivan, na gumzo lote la muziki nchini likahamia kwao. Mkanda wa onyesho la Cooke haukuhifadhiwa. Wimbo ulitoka katika albamu Ain't That Good News, lakini haukutolewa kama singo katika uhai wake.

Maisha binafsi

Cooke alioa mara mbili. Ndoa yake ya kwanza, na Dolores Mohawk, ilivunjika. Dolores alifariki katika ajali ya gari mwaka 1959. Baadaye alimwoa Barbara Campbell, waliyefahamiana tangu ujana wao Chicago, na walipata watoto 3: Linda, Tracy na Vincent. Mwezi Juni 1963 Vincent, akiwa na umri wa takriban mwaka mmoja na nusu, alizama katika bwawa la kuogelea la nyumbani kwao na kufariki. Msiba huo ulimvunja moyo Cooke, na ndoa yake, ambayo tayari ilikuwa na matatizo, ilizidi kuyumba.

Kifo

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 1964 Cooke alikwenda katika moteli ya Hacienda, kusini mwa Los Angeles, akiwa na mwanamke waliyekutana jioni hiyo. Mwanamke huyo alitoroka akiwa na sehemu kubwa ya nguo za Cooke. Cooke alikwenda ofisini kwa meneja wa moteli kumtafuta, kukatokea mapambano, na meneja, naye mwanamke, akampiga risasi kifuani. Meneja alieleza kwamba alikuwa akijitetea. Uchunguzi mfupi wa mahakama ya vifo uliamua kwamba mauaji hayo yalikuwa ya halali.

Familia na marafiki wengi hawakuridhika na uchunguzi huo, na kwa miaka mingi yametolewa maelezo mengine mbalimbali. Hakuna lolote kati ya hayo lililothibitishwa. Ibada za mazishi zilifanyika Chicago na Los Angeles, na maelfu ya watu walijitokeza. Los Angeles aliimba Ray Charles. Cooke alizikwa katika makaburi ya Forest Lawn, Glendale, California.

Urithi

Tarehe 22 Desemba 1964 RCA ilitoa singo Shake, na upande wa pili wa santuri uliwekwa A Change Is Gonna Come. Shake ulifika namba 7 katika chati za pop, na wimbo wa upande wa pili namba 31. Lakini wa pili ndio uliodumu. Mwaka 1965 Otis Redding alirekodi nyimbo zote mbili, na mwaka 1967 Aretha Franklin alirekodi A Change Is Gonna Come. Tangu mwaka 2007 umo katika orodha ya rekodi zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Mwezi Januari 2009 uliimbwa na Bettye LaVette na Jon Bon Jovi mbele ya sanamu ya Lincoln mjini Washington, siku 2 kabla ya kuapishwa kwa Barack Obama, mtoto wa baba Mkenya na rais wa kwanza Mweusi wa Marekani.

Mwaka 1986 Cooke aliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, akiwa miongoni mwa kundi la kwanza kabisa. Soul Stirrers waliingizwa mwaka 1989. Mwaka 1999 alitunukiwa tuzo ya Grammy ya mafanikio ya maisha. Mwaka 1986 Wonderful World ulifika namba 2 nchini Uingereza, robo karne baada ya kutolewa mara ya kwanza.

Baadhi ya albamu

Cooke's Tour (1960)
My Kind of Blues (1961)
Twistin' the Night Away (1962)
Mr. Soul (1963)
Night Beat (1963)
Ain't That Good News (1964)
Sam Cooke at the Copa (1964)
Live at the Harlem Square Club, 1963 (1985)